Siku za mwanzo wodini baada ya upasuaji wa mgongo: mwongozo kwa mgonjwa na anayemuuguza

Mambo mawili humrudisha nyuma mgonjwa wa mgongo akiwa bado wodini. La kwanza ni kulala bila kujitikisa, akihofu kwamba akigeuka tu vyuma vitang'oka au mshono utapasuka. La pili ni kuvumilia kimya. Sisi watu wa Pwani tumelelewa kushukuru kwa kila hali. Daktari akipita asubuhi na kumuuliza mzee, "Baba, waonaje leo?" mzee hujibu, "Alhamdulillahi, salama," kumbe tangu usiku mkojo haujatoka. Daktari naye huandika kwamba mgonjwa hana malalamiko, akaenda kitanda cha pili.

Mwongozo huu nauandika kwa mgonjwa na kwa yule jamaa anayekaa naye. Mimi mwenyewe nimelazwa hapa Mombasa kwa upasuaji wa diski ya kiunoni, na tangu hapo nimewauguza wengine katika ukoo wetu. Upasuaji wa mgongo si wa aina moja. Kuna wa kuondoa kipande cha diski kilichochomoza na kubana mshipa wa fahamu. Kuna wa kupunguza mfupa wa nyuma wa pingili ili njia ya uti wa mgongo ipanuke. Kuna na ule mkubwa zaidi wa kuunganisha pingili kwa skrubu na vyuma. Kwa hivyo daktari wako akikuambia jambo linalotofautiana na nililoandika hapa, shika la daktari.

Kabla ya kuingia thieta

Jifunze kugeuka na kuamka kitandani siku moja au mbili kabla, mwili ukiwa bado haujapasuliwa. Hatua zake nimezieleza hapo chini. Mtu aliyezizoea mapema hapati tabu ya kufundishwa upya huku ana usingizi wa dawa na kidonda kibichi.

Mkoba uwe mdogo. Nguo ziwe za kufunguka mbele au pana. Dera lafaa sana, lakini chagua lisilofika chini ya vifundo vya miguu, kwa sababu dera refu hukanyagwa na kumwangusha mgonjwa. Beba viatu vinavyoshika kisigino na vyenye soli isiyoteleza. Ndara ziache nyumbani. Ongeza chupa ya maji yenye mrija wa kunywea, waya mrefu wa kuchajia simu, daftari na kalamu. Daftari hilo ndilo kifaa muhimu kuliko vyote, nitalirudia.

Mwambie daktari dawa zote unazotumia: za presha, za sukari, aspirini, dawa za kuyeyusha damu, na mitishamba pia. Usione haya kutaja sigara, shisha, kuberi, miraa au muguka. Nikotini huchelewesha mifupa kushikana, na kwa mtu aliyefungwa vyuma hilo ni jambo zito, kwani vyuma hushikilia tu kwa muda mpaka mfupa wenyewe uungane. Miraa na muguka huondoa usingizi, hupandisha presha na hufunga choo, mambo matatu ambayo mgonjwa huyu hayahitaji hata kidogo.

Na jamaa mmoja aende ofisi ya malipo mapema. Tangu Oktoba 2024, SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali, ilipochukua nafasi ya NHIF, ni vizuri kujua kabla ya upasuaji ni nini kimeidhinishwa na ni nini mtatoa mfukoni, hasa vyuma na skrubu. Mgonjwa aliyeruhusiwa lakini anangoja hesabu za bili hukaa kwenye benchi saa nyingi, na benchi ni adui wa mgongo wake.

Saa za kwanza baada ya kuzinduka

Ukifungua macho koo litakuwa linakwaruza kwa sababu ya mrija wa pumzi, mdomo umekauka, na huenda ukatetemeka kwa baridi hata kama nje jua linawaka. Kichefuchefu ni kawaida; mwambie nesi, kuna dawa yake. Mkononi utakuta dripu, na kwa wengi kuna mpira wa mkojo na mrija mwembamba unaotoa damu kwenye kidonda kuingia kwenye chupa. Usiuvute wala usiulalie.

Nesi atakuja mara kwa mara, na usiku atakuamsha, akuambie usukume mguu, uchezeshe vidole, useme kama wasikia anapokugusa. Usimkatalie wala usimjibu kwa usingizi tu. Anachunguza kama mishipa ya fahamu inafanya kazi. Damu ikivuja na kujikusanya karibu na uti wa mgongo inaweza kuibana mishipa hiyo, na hapo kuokoa mguu ni suala la saa, si siku. Kwa hivyo mguu uliokuwa ukisogea vizuri jioni ukianza kulegea usiku, bonyeza kengele papo hapo. Usingoje nesi arudi kwa zamu yake.

Tofautisha la zamani na jipya. Maumivu ya kuteremka mguuni mara nyingi huwa ya kwanza kupungua. Ganzi ndiyo huchelewa, inaweza kubaki wiki au miezi, na nguvu za mguu nazo hurudi polepole. Ganzi uliyoingia nayo thieta haitishi. Ganzi mpya, au iliyopanuka, ndiyo ya kusemwa.

Kazi yako saa hizi ni mbili tu. Vuta pumzi ndefu kumi kila saa ukiwa macho, uzitoe taratibu, kisha kohoa kidogo ili makohozi yasikae mapafuni. Na uchezeshe nyayo, juu chini, juu chini, mara nyingi kwa siku. Damu isiyotembea miguuni huganda. Pengine utavishwa soksi za kubana au kuchomwa sindano ya kuzuia damu kuganda; wakati wa kuianza sindano huamuliwa na daktari, kwa sababu dawa hiyo ikija mapema mno kidonda kinaweza kuvuja. Soksi zenyewe zinachosha kwa joto letu, hasa kaskazi, lakini usizikunje zikarundikana chini ya goti. Zikikunjwa hubana pasipotakiwa.

Nawe jamaa uliyekaa hapo: weka kengele, maji na simu upande ambao mkono wa mgonjwa unafika bila kujinyoosha. Usimpe chochote mdomoni mpaka nesi aruhusu. Usiguse dripu.

Maumivu: sema kabla hayajapanda

Hapa ndipo watu wengi huumia bure. Dawa ya maumivu hufanya kazi vizuri zaidi ikitangulia kuliko ikifukuza. Mgonjwa anayengoja mpaka jasho limtoke ndipo aombe, atahitaji dawa nyingi zaidi na itachukua muda mrefu kumtuliza, na muda wote huo hatageuka, hatakohoa, hatatembea. Kukataa dawa si ushujaa. Kwa mgonjwa wa mgongo, dawa ndiyo inayomwezesha kusimama.

Utaulizwa upime maumivu kutoka sifuri hadi kumi. Taja namba, kisha taja mahali na namna: kidonda chenyewe, misuli iliyokaza pembeni ya kidonda, au umeme unaoteremka mguuni. Kila moja ina dawa yake. Dawa za misuli si za mishipa ya fahamu, na daktari hawezi kukisia.

Siku ya pili au ya tatu usishtuke maumivu yakizidi kidogo. Dawa za thieta zimeisha mwilini na uvimbe uko kileleni. Hata mguu unaweza kurudisha maumivu kiasi kwa sababu mshipa wa fahamu umeguswa na umechokozwa. Wagonjwa wengi hukata tamaa siku hiyo, wakaamini upasuaji umeshindwa. Mwambie daktari, na umwombe akuchunguze nguvu za mguu. Zikiwa sawa, mara nyingi ni jambo linalopita.

Omba dawa kama nusu saa kabla fizio, yaani mtaalamu wa mazoezi ya viungo, hajaja kukutembeza. Usijiongezee dawa kutoka dukani. Parasetamoli ina kikomo cha gramu 4 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, nayo imo pia ndani ya dawa nyingi za mafua. Diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kuongeza kuvuja damu, kuumiza tumbo na figo, na baadhi ya madaktari huzizuia kwa waliounganishwa mifupa. Ukiletewa na shemeji kwa mapenzi, mshukuru, uziweke kando, umwulize daktari.

Dawa kali kama mofini na tramadoli huleta usingizi, mwasho na kufunga choo. Jamaa ukiona mgonjwa amelala mno, hajibu vizuri ukimwita, na pumzi zake zimekuwa chache, mwite nesi mbio.

Sasa lile daftari. Andika saa ya kila dawa, namba ya maumivu, mkojo umetoka saa ngapi, choo kimepatikana au la, ametembea kutoka wapi hadi wapi, na kila jambo jipya. Raundi ya madaktari hupita haraka, na wodini mwetu daktari mmoja ana vitanda vingi. Ukiulizwa hali, mshukuru Mungu kisha soma: "Alhamdulillahi daktari. Maumivu ya mguu wa kulia yamepungua, kutoka saba hadi tatu. Lakini mpira ulitolewa saa kumi na mbili asubuhi na mpaka sasa hajakojoa." Sentensi tatu hizo zina faida kuliko salamu ndefu.

Kugeuka na kuamka

Kanuni ni moja: mabega na nyonga huenda pamoja, mwili mzima kama gogo. Kiuno hakisokotwi. Mara ya kwanza fanya na fizio au nesi, usijaribu peke yako hata ukijiona una nguvu. Kabla ya yote, jamaa ahakikishe magurudumu ya kitanda yamefungwa na kitanda kimeshushwa kiasi cha nyayo kufika sakafuni.

1. Lala chali, kunja magoti moja baada ya jingine, nyayo zishike godoro. Kaza tumbo kidogo, huku ukiendelea kupumua.
2. Ukigeukia kulia, pitisha mkono wa kushoto juu ya kifua. Geuza magoti, nyonga na bega kwa mara moja mpaka ulale ubavu, karibu na ukingo wa kitanda.
3. Pumzika hapo. Hapana haraka.
4. Teremsha miguu nje ya kitanda na wakati huohuo sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu. Uzito wa miguu inayoshuka ndio unaokuinua, si misuli ya mgongo.
5. Keti ukingoni dakika chache. Chezesha nyayo, vuta pumzi, tazama mbele. Ukiona kizunguzungu, mwambie anayekusaidia, na urudi ubavuni taratibu.
6. Sogea mbele kidogo, nyayo ziwe chini ya magoti, kisha simama kwa nguvu za mapaja, kifua kimenyooka.

Kurudi kitandani ni kinyume chake: keti, lala ubavu huku miguu ikipanda, kisha geuka chali kwa pamoja. Usikae ukajitupa nyuma.

Nawe unayesaidia, usimpe shingo yako ashike wala usimvute mikono. Simama ubavuni kwake, mkono mmoja nyuma ya nyonga, na umwache afanye kazi mwenyewe. Akivutwa mikono hukunja mgongo bila kupenda, na wewe pia utaondoka na mgongo wako mbovu.

Ukiwa chali weka mto chini ya magoti. Ukiwa ubavu, mto katikati ya magoti ili nyonga ya juu isivute kiuno. Badilisha upande kila baada ya saa mbili hivi, usiku pia, hasa mgonjwa mnene, mwembamba sana, au mwenye sukari, ambaye ngozi yake huchubuka upesi.

Waislamu wengi huuliza habari ya sala. Rukuu na sijida ni kuinama, na kuinama kumekatazwa siku hizi. Asiyeweza kusimama husali ameketi, asiyeweza kuketi husali amelala, kwa kuashiria kichwa, na asiyeweza kutumia maji anatayamamu. Nimeona wazee wakijilazimisha kusujudu wodini na mirija ikiwa bado mwilini. Dini imewapa ruhusa, waitumie, na kama moyo haujatulia mwiteni imamu wa msikiti wenu aje amweleze mzee mwenyewe.

Kutembea na kukaa

Wengi huamshwa siku ya kwanza baada ya upasuaji, wengine siku ileile. Safari ya kwanza ni fupi: kitandani hadi kitini, au hadi mlangoni. Inatosha. Matembezi mafupi mara nyingi ni bora kuliko moja refu linalokulaza mchana kutwa. Tazama mbele, usitazame miguu. Kama unapewa fremu ya kutembelea, isogeze kwanza ndipo upige hatua. Mti wa dripu una magurudumu na si wa kuegemea.

Kukaa ndiko kunakochosha diski kuliko kutembea. Anza na muda mfupi, usizidishe nusu saa kwa mkao mmoja, kisha simama au lala. Kiti kiwe kirefu, kigumu, chenye mikono ya kushikia. Mgonjwa akipewa korseti, ule mkanda mpana wa kushikilia mgongo, aivae juu ya fulana ya pamba, na ajifunze kutoka kwa fizio kama ataifunga akiwa amelala au ameketi.

Waliopasuliwa shingo kwa upande wa mbele wana yao: kumeza kwa tabu na sauti ya kukwaruza kwa siku kadhaa ni kawaida, uji na vyakula laini vinasaidia. Lakini shingo ikivimba au pumzi ikianza kubana, hiyo ni dharura ya dakika.

Kwa muda mtakaopangiwa, hakuna kuinama, hakuna kunyanyua kizito, hakuna kujisokota. Chupa ya maji ya lita 2 unaweza. Ndoo ya maji huwezi, wala mtoto kukupandia kifuani. Kitu kikianguka sakafuni, kiache pale mpaka apite mtu.

Choo, na tulizungumze wazi

Mpira wa mkojo mara nyingi hutolewa mgonjwa anapoanza kuamka. Baada ya hapo mkojo unatakiwa utoke ndani ya saa chache. Saa sita zikipita hujakojoa, au unatoka matone tu na kibofu kimejaa, sema. Na kama sehemu ya katikati ya mapaja, pale mtu anapokalia tandiko la baiskeli, imekufa ganzi, au choo kinatoka bila kuhisi, sema dakika hiyohiyo, hata kama nesi ni wa rika la mwanao na unaona haya. Mishipa inayoongoza haja ikibanwa muda mrefu huenda isirudi kamwe. Hakuna haya iliyo na thamani hiyo.

Choo kikubwa huchelewa siku mbili tatu kwa sababu ya dawa za usingizi, dawa za maumivu na kulala. Dalili ya kwanza kwamba tumbo limeamka ni kutoa upepo, na daktari akiuliza ujibu bila kucheka. Ikifika siku ya tatu hakuna kitu, omba dawa ya kulainisha. Kukamua kwa nguvu kunaongeza shinikizo mgongoni na kunauma vibaya.

Choo cha kuchuchumaa kisahau kwa sasa. Tumia cha kukalia, na kama ni kifupi omba kiti cha kukiinua au kiti chenye tundu. Kinapatikana kwenye maduka ya vifaa vya hospitali, na nyumbani mtakihitaji pia. Jambo lisilosemwa ni kuchamba. Kujipinda nyuma kwa kopo ni kujisokota kulekule kulikokatazwa. Tumia mpira wa maji ukipitishia mbele, au msaidiwe, na maji yasifike kwenye bandeji.

Chakula

Anza na vinywaji, uji mwepesi, kisha chakula cha kawaida tumbo likikubali. Mwili unaojenga upya nyama na mfupa unataka protini: samaki, mayai, kuku, maharagwe, mbaazi, pojo. Ili choo kilainike: papai, ukwaju, machungwa, tembele, mchicha, mabamia, na maji kila mara. Madafu ni mazuri kwa wengi, lakini yana potasiamu nyingi. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza, na mwenye sukari asiyanywe bila kipimo. Viazi karai, bajia na mahamri ya mafuta mengi yangoje. Mwenye sukari achunge zaidi, kwani sukari ikipanda kidonda huchelewa kufunga na hupata vijidudu kwa urahisi.

Wageni na wakandaji

Mombasa mgonjwa hachoki kutembelewa. Mtaa mzima wa Majengo au Kisauni unaweza kuja saa ya kutazama wagonjwa, na kila mtu anataka kukaa kidogo kwenye ukingo wa kitanda. Nawapenda watu wetu kwa hilo, lakini mgonjwa aliyepasuliwa mgongo hupata mshtuko kila godoro linapobonyea. Chagueni jamaa mmoja awe msemaji: atume habari kwenye kundi la familia, apange wageni wawili wawili, awaombe kunawa mikono, na awaambie watoto wangoje nyumbani. Wageni wengine wafanye lililo na faida zaidi: wapike, wachukue nguo kufua, wakae na watoto wa mgonjwa.

Atakuja pia shangazi mwenye nia njema na chupa ya mafuta ya nazi au ya habasoda, anataka kukanda. Msimruhusu. Mgongo wenye mshono haukandwi. Miguu ndiyo hatari zaidi: shavu la mguu linalouma baada ya upasuaji huenda lina donge la damu, na kulikanda kunaweza kulisukuma donge hilo hadi mapafuni, mtu akafa. Mwambieni kwa heshima, "Shangazi, daktari amekataza, tuombee dua." Asali, mafuta au unga wowote usiwekwe juu ya kidonda.

Kidonda kwenye joto la Mombasa

Bandeji ibaki kavu. Katika miezi ya kaskazi, Desemba mpaka Machi, jasho hujaa mgongoni, nayo bandeji hulegea pembeni. Feni ielekezwe kitandani, shuka la plastiki lisiguse ngozi, na mgonjwa alale ubavu kwa zamu ili mgongo upate hewa. Bandeji ikiloa kwa jasho au damu, nesi ndiye wa kuibadilisha. Damu kidogo iliyokauka haina neno. Majimaji meupe kama maji yanayoendelea kutoka, hasa yakifuatana na kichwa kinachouma ukikaa na kupoa ukilala, huenda ni maji ya uti wa mgongo yanavuja. Ukiyaona, lala na uite.

Siku ya kuruhusiwa

Iwe umelazwa Coast General, Pandya, Aga Khan au kwengineko, usitoke bila vitu hivi mkononi: karatasi ya kuruhusiwa inayosema ni pingili zipi zilizofanyiwa kazi na kama kuna vyuma, picha za eksrei na za MRI, orodha ya dawa na saa zake, tarehe ya kliniki na ya kutoa nyuzi, ambayo mara nyingi huwa kati ya siku ya 10 na ya 14, na namba ya kupiga usiku.

Mweleze fizio nyumba yako ilivyo. Anayeishi juu Mji wa Kale, kwenye ngazi zile nyembamba zilizosimama wima, au ghorofa isiyo na lifti, lazima afanyishwe mazoezi ya ngazi kabla ya kutoka. Kupanda, mguu wenye nguvu hutangulia. Kushuka, mguu dhaifu hutangulia. Kama mguu bado unalegea, kaeni na jamaa wa chini kwa wiki za mwanzo.

Safari iwe ya gari dogo lenye kiti cha mbele kilicholazwa kidogo. Bodaboda haifai kabisa, tuktuk nayo hurusha kila shimo. Ingia kwa kukalisha makalio kwanza, kisha geuza mwili mzima na miguu yote miwili pamoja. Mfuko wa plastiki juu ya kiti hurahisisha kuteleza. Wa Likoni na Ukunda wasimwingize mgonjwa katika msongamano wa waenda kwa miguu wa feri. Abaki ndani ya gari, au mpite barabara ya Dongo Kundu, inayofika Pwani ya Kusini bila kupanda feri. Wa Malindi, ambao wana kilomita 120 hivi mbele yao, wasimame njiani kila nusu saa au zaidi kidogo, mgonjwa ashuke atembee hatua chache.

Nyumbani, godoro lisilobonyea. Kitanda cha kamba hakifai. Kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kupika kwenye jiko la makaa lililo chini, kufua kwenye beseni: vyote vinamkunja mtu mara mbili, na mama wa nyumbani ndiye anayevirudia kwanza kwa kuona haya kuhudumiwa. Wenye nyumba wamzuie kwa vitendo, wavifanye wao.

Rudini hospitali bila kungoja kliniki kwa lolote katika haya: homa ya nyuzi 38 au zaidi, kidonda kutoa usaha au kuwa chekundu na chenye moto, mguu kulegea au ganzi kuenea, mkojo kuziba au haja kutoka yenyewe, shavu la mguu kuvimba na kuuma, kifua kuchoma au pumzi kukatika ghafla. Nendeni idara ya dharura na ile karatasi ya kuruhusiwa. Kabla ya kulala usiku wa kwanza nyumbani, kubalianeni ni nani atakayeacha simu wazi, na gari litatoka kwa nani mkilihitaji saa nane za usiku.